Namna ya kumfundisha mwanafunzi Mchina neno la Kiingereza "open"

Neno "open" ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi Mchina hukutana nayo mapema kabisa anapoanza kujifunza Kiingereza, na kwa sababu hiyo walimu wengi hulichukulia kuwa limekwisha kueleweka na halihitaji tena somo. Nchini China lugha hiyo huanza katika shule ya msingi, na tangu mwongozo wa serikali wa mwaka 2001 shule nyingi zimekuwa zikiianzisha darasa la tatu, kwa hiyo mtu mzima anayekuja kwako kutafuta msaada amekuwa na neno hili tangu utotoni. Hata hivyo mtu huyo huyo, aliyefaulu mitihani migumu na mwenye msamiati mpana kuliko wa baadhi ya walimu wake, atakuomba bila wasiwasi wowote "Please open the light", na akiulizwa habari za nyumbani atakueleza kwamba mjomba wake "opens a restaurant in Guangzhou".

Mwongozo huu umekusudiwa Mswahili anayewafundisha Wachina Kiingereza, awe ni mwalimu wa darasani, mkalimani katika eneo la ujenzi, au mfanyakazi wa ofisi aliyeombwa na mwenzake amsaidie jioni baada ya kazi. Msimamo wangu ni kwamba maana ya neno hili haihitaji kufundishwa, kwa kuwa mwanafunzi anaijua. Asichokijua ni mipaka yake, yaani nomino zipi zinakubali kuandamana na "open" na zipi zinalikataa, na lini neno hilo ni la kitendo na lini ni la hali. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayochukua sehemu kubwa ya muda wako, na mengine yaliyobaki yanaweza kupitiwa kwa haraka.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kueleza

Usianze kwa maelezo. Kaa na mwanafunzi katika chumba chenye vitu vya kawaida, kama vile mlango, dirisha, taa, feni au kiyoyozi, bomba la maji, kompyuta, mwavuli, chupa yenye kizibo, bahasha iliyogundishwa na kitabu, kisha mwambie akuamuru kwa Kiingereza ufanye jambo kwa kila kimoja. Tekeleza kila amri kama ilivyotolewa, bila kusahihisha na bila kukunja uso, huku ukiandika pembeni maneno yake hasa. Baada ya hapo muulize maswali matatu: wenzake wa kazini hukutana lini kujadili kazi, ndugu zake wanafanya biashara gani, na duka lililo karibu na nyumba yake lina saa gani za kazi.

Kwa kawaida mlango, dirisha, chupa na kitabu vitatoka sawa. Kwenye taa, feni na kiyoyozi ndipo "open" itakapojitokeza mahali pasipo pake. Yale maswali matatu ndiyo yatakayokufunulia zaidi, kwa kuwa mtu anayejibu swali la kweli huacha kukumbuka kanuni na kuanza kufikiri kwa lugha ya mama yake. Karatasi hiyo itunze, kwani utairudia mwishoni.

Anayefundisha kwa intaneti anaweza kutumia picha za vitu hivyo, na ataongeza kamera na maikrofoni ya kompyuta, ambavyo ni muhimu mno kwa somo la namna hiyo. Afahamu pia kwamba kanuni zilizotolewa China mnamo Julai 2021 zilizuia kampuni za masomo ya ziada kutumia walimu walio nje ya nchi hiyo kuwafundisha watoto wa shule, kwa hiyo wanafunzi atakaowapata kwa njia hiyo ni watu wazima, na mifano ya ofisini, sokoni na hospitalini itawafaa kuliko mifano ya darasani.

Hatua ya pili: lifahamu neno kāi

Huhitaji kujua Kichina ili kufundisha somo hili, lakini unahitaji kulijua neno moja la Kichina vizuri. Neno hilo ni kāi, linalotamkwa kwa toni ya kwanza, yaani sauti ya juu isiyopanda wala kushuka, na kuandikwa 开. Katika maandishi ya jadi yanayotumika hadi leo Taiwan na Hong Kong, herufi hiyo huandikwa ndani ya umbo la lango lenye mabawa mawili, 開, na hapo mtu anaona waziwazi kwamba maana ya msingi ni kufungua mlango. Maandishi yaliyorahisishwa ya China bara yaliliondoa lango, na matumizi ya neno lenyewe nayo yamekwenda mbali na mlango.

Mchina hutumia kāi kwa mlango, lakini pia huitumia kwa taa anapoiwasha, kwa gari na ndege anapoviendesha, kwa mkutano unapofanyika, kwa muhula wa shule unapoanza, kwa ua linapochanua, kwa maji yanapochemka, kwa daktari anapoandika cheti cha dawa, kwa muuzaji anapotoa risiti, kwa mtu anapoanzisha kampuni au kuiendesha, na hata kwa utani. Ukivitazama vyote kwa pamoja utaona wazo moja linalopita ndani yake: kitu kilichokuwa kimefungwa au kimetulia kinaanza kufanya kazi yake. Mchina hasikii hapa maana kumi na mbili. Anasikia moja, na kamusi yake ya kwanza ilimwambia kwamba kwa Kiingereza maana hiyo ni "open".

Inafaa umwonyeshe kwamba si Kichina peke yake chenye mipaka tofauti na Kiingereza. Sisi tunafungua mlango, tunafungua redio, tunafungua akaunti na tunafungua kesi mahakamani, lakini taa tunaiwasha na gari tunaliendesha. Mwingereza naye anafungua mlango na akaunti kwa "open", ila redio anaiwasha kwa "turn on", na kesi ya mahakamani ana kitenzi chake kingine, "file". Mwanafunzi akiona kwamba mwalimu wake mwenyewe anatoka katika lugha yenye mtego wa aina hiyo hiyo, aibu hupungua na somo huenda kwa kasi.

Hatua ya tatu: panga nomino kwa makundi, usipange maana

Mpe mwanafunzi daftari jipya, na kila ukurasa uwe wa kitenzi kimoja cha Kiingereza, chini yake zikiorodheshwa nomino zinazokwenda nacho. Anza na ukurasa wa "open" wenyewe, na uanze na nomino zile ambazo lugha zake mbili zinakubaliana: mlango, dirisha, lango, sanduku, chupa, barua, na akaunti ya benki, ambayo Kichina huisema kāi hù. Haya yampe uhakika kwamba si kila alichokijua kimebomolewa.

Ukurasa wa pili ni wa "turn on" na "switch on", nao ndio utakaojaa upesi kuliko mingine. Humo ndimo zinamoingia taa, feni, kiyoyozi, televisheni, redio, jiko la umeme na bomba la maji. Kwa vifaa vya kisasa kuna ugumu unaohitaji subira. Kompyuta ni mashine, kwa hiyo "turn on the computer", ilhali programu, faili na ujumbe vilivyomo ndani yake ni "open": "open the file", "open WeChat", "open your email". Mtu akisema "open the computer", msikilizaji ataelewa kwamba ainue kifuniko chake, au hata atafute bisibisi. Kanuni rahisi ni kwamba kinachotumia umeme chenyewe huwa "turn on", na kinachosomwa au kutazamwa kwenye kioo huwa "open". Kamera ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kuna kamera iliyo sehemu ya kifaa na kuna programu yenye jina hilo hilo. Anayetaka sura yako ionekane katika mkutano wa mtandaoni aseme "Please turn on your camera", na "open your camera" aiache kwa yule anayekuelekeza ubonyeze programu ya kupiga picha katika simu. Wachina wengi wanaosoma kwa intaneti husema "open your camera" kila somo linapoanza, na walimu huizoea hata wakaacha kuisikia.

Vyombo vya usafiri havina taabu kubwa. "Drive a car" na "fly a plane" hujifunzwa mapema kama maneno yanayojitegemea, na kosa la "open the car" huonekana zaidi kwa wanaoanza. Yatosha kuviandika katika daftari na kuendelea.

Mkutano ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapa "open" inaruhusiwa lakini kwa maana tofauti, na kosa ambalo kisarufi ni sahihi ndilo gumu kuligundua. Mchina akisema "We opened a meeting yesterday" anakusudia kwamba walifanya mkutano, jambo ambalo Kiingereza husema "We had a meeting" au, kwa lugha rasmi zaidi, "We held a meeting". Lakini "The chairman opened the meeting at nine" ni sentensi safi, na maana yake ni ile ile ya Kiswahili tunaposema mwenyekiti alifungua mkutano saa tatu: alitamka rasmi kwamba kikao kimeanza. Kwa hiyo mweleze mwanafunzi wako kwamba wafanyakazi wote huwa na mkutano, ila mtu mmoja tu ndiye anayeufungua. Umfundishe pia jibu la simu analolihitaji kila siku, kwa kuwa akijibu "I'm opening a meeting" mpigaji ataelewa kwamba anahutubia wakati ule ule. Jibu linalofaa ni "I'm in a meeting".

Muhula wa shule unaweza kuupitia kwa maneno machache. Kichina husema kāi xué, na Kiingereza cha Uingereza husema "term starts" au "school starts". Kwa kuwa Kiingereza cha Tanzania na Kenya kimezoea "schools open on Monday", kama tunavyosema shule zinafunguliwa, usimhesabie mwanafunzi kosa hapo. Mtajie tu kwamba akifika London atasikia zaidi ile nyingine.

Kundi la karatasi lina umuhimu kwa anayeishi kwetu. Hospitalini, Mchina atasema "The doctor opened some medicine for me", naye msikilizaji atamwona daktari akifungua chupa. Mfundishe "The doctor prescribed some medicine" au "wrote me a prescription". Dukani, ataomba "Please open a receipt", akiifikiria fāpiào, ile risiti rasmi ya kodi ambayo kwa Tanzania tungeilinganisha na risiti ya EFD. Kiingereza chake ni "Could you give me a receipt?", na kwa ankara ya kampuni kitenzi ni "issue".

Sasa rudi kwa yule mjomba wa Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaufahamu vizuri. "My uncle opens a restaurant" ni sentensi ambayo mwalimu huiacha ipite kwa sababu haina kosa la sarufi linaloonekana. Kichina husema kāi fàndiàn kwa kuanzisha mkahawa na kwa kuuendesha pia, wakati Kiingereza kinatenganisha: kuanzisha ni "open", nalo ni tukio la siku moja, na kuendesha ni "run" au "own", nalo ni jambo linaloendelea. Mwambie atunge sentensi mbili kwa kila biashara anayoijua, moja yenye mwaka na nyingine isiyo na mwaka: "My uncle opened a restaurant in 2015. He runs it with his wife." Mwaka ukiwepo, "opened" inakaa vizuri. Mwaka usipokuwepo na biashara ikiwa ingali hai, "run". Zoezi hili ndilo ninaloliona lenye faida kuliko yote katika hatua hii, kwa sababu linagusa jambo ambalo watu wazima hulizungumzia kweli, nalo linaandaa njia kwa hatua inayofuata.

Kuhusu ua, maji na utani, mpe "bloom", "boil" na "joke", kisha songa mbele.

Hatua ya nne: tenganisha hali na tukio

Hapa ndipo pagumu, na mwalimu asiharakishe. Kiingereza kina "open" ya kitenzi na "open" ya kivumishi, na umbo lao ni moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba sifa inayotokana na kitenzi huchukua "-ed" atasema "The bank is opened", na aliyekariri "open" bila "-ed" atatumia mantiki hiyo hiyo upande wa pili na kusema "The bank is close". Sentensi hiyo ya pili, ikiandikwa, inasomeka kwamba benki iko karibu. Kiingereza hakikuwa na haki katika jambo hili: jozi ni "open" na "closed", moja bila kiambishi na nyingine nacho. Njia nzuri ya kulikaza ni kile kibao cha mlangoni chenye pande mbili, upande mmoja OPEN na upande mwingine CLOSED. Mwambie akiwa na shaka akione kibao hicho akilini, na chochote kilichoandikwa hapo ndicho kinachofuata "is".

Kosa lingine ni "The shop is opening now" kwa maana ya kwamba duka liko wazi. Chanzo chake kinaeleweka. Maduka ya China huweka mlangoni maandishi yíngyè zhōng, yaani biashara inaendelea, na neno zhōng linaloonyesha kuwa jambo limo katikati ya kutendeka humvuta mwanafunzi kwenye "-ing". Kwa Kiingereza, "is opening" ni mlango ambao ungali njiani kufunguka, au duka litakalozinduliwa siku zijazo, kama katika "A new shop is opening next week".

Kwa bahati nzuri Kichina chenyewe kinatoa msaada. Mén kāizhe, yenye kiambishi -zhe, maana yake ni kwamba mlango uko wazi, na mén kāi le, yenye le, maana yake ni kwamba mlango umefunguka. Mwombe mwanafunzi aiseme sentensi yake kwanza kwa Kichina. Akitumia -zhe, Kiingereza chake kitakuwa "is open" au "was open". Akitumia le kwa jambo lililotokea, kitakuwa "opened" au "has opened". Njia hii haitamfaa katika kila sentensi, kwa kuwa le ina kazi nyingine pia, lakini kwa mlango, duka, benki na ofisi inamfikisha.

Mwalimu Mswahili ajihadhari hapa na lugha yake mwenyewe. Tunaposema duka limefunguliwa tunaweza kukusudia tukio lililomalizika hivi punde au hali iliyopo tangu asubuhi, kwa maana kiambishi -me- kinabeba yote mawili. Ndiyo sababu "The shop is opened" hausikiki vibaya masikioni mwetu, na mwalimu anaweza kuuidhinisha bila kujua. Atakayetaka mizani ya haraka ajiulize kama angeweza kusema "liko wazi". Ikiwezekana, Kiingereza ni "is open".

Baada ya maelezo, tumia saa ya ukutani. Chora duka lenye saa za kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha taja wakati na mwanafunzi aeleze kilivyo. Saa mbili kamili: "It opens." Saa nne: "It is open." Saa kumi na moja: "It closes." Saa tatu usiku: "It is closed." Ukiuliza "What time?", jibu huchukua kitenzi, na ukiuliza "Until what time?", jibu huchukua kivumishi: "It is open until five." Mkumbushe, ikiwa anaishi Afrika Mashariki, kwamba saa za Kiingereza na za Kiswahili zinatofautiana kwa saa sita, maana Mchina aliyeanza kujifunza Kiswahili huweza kuchanganya lugha tatu katika swali moja la saa.

Mwisho wa hatua hii ni muda unaoendelea. "The shop has opened for three hours" ni kosa ambalo shule za sekondari za China huwaonya wanafunzi kwa bidii kubwa, zikiwafundisha kwamba kitenzi cha tukio la ghafla hakikubali "for" na "since", na kwamba "has opened" lazima igeuzwe kuwa "has been open". Mwanafunzi wako huenda anaikumbuka kanuni hiyo vizuri kuliko wewe, lakini aliijua kama swali la mtihani la kuchagua jibu, na hajawahi kuisema kwa mdomo. Usimweleze upya. Muulize maswali yatakayomlazimisha kuisema: mgahawa anaoupenda una muda gani tangu uanze, ofisi yake iko wazi tangu saa ngapi leo.

Hatua ya tano: msikilize mwisho wa neno

Mandarin, yaani Kichina sanifu, haina silabi inayofungwa kwa "nd", na katika mazungumzo ya haraka "opened" ya mwanafunzi husikika kama "open". Matokeo yake ni kwamba hujui kama amekosea wakati wa kitenzi au amemeza sauti tu. Mpe sentensi ambazo neno linalofuata linaanza na irabu, kama "opened it", "opened a shop", "opened all the windows", ili ile "d" ihamie mwanzo wa silabi inayofuata, mahali ambapo ulimi wake hauna shida nayo. Katika kuandika, mwonye kwamba "opened" na "opening" haziongezi "n" ya pili, kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Anayeijua "beginning" huwa na kishawishi cha kuiongeza.

Hatua ya sita: tembea upande wa pili

Hadi hapa tumetoka kwenye kāi kwenda Kiingereza. Kuna nomino ambazo Kichina hakiridhiki na kāi peke yake, bali hutanguliza kitenzi kinachoonyesha namna ya kufungua: zhēngkāi kwa macho, zhāngkāi kwa mdomo, fānkāi kwa kitabu, chāikāi kwa barua au kifurushi. Kiingereza hutumia "open" kwa vyote hivyo, na mwanafunzi huwa anatafuta neno la pekee lisilokuwapo. Mwambie kwamba penye macho, mdomo, kitabu na kifurushi "open" inatosha, na kwamba mwavuli nao unakubali "open" ingawa "put up" husikika pia. Atenge tu maneno kama líkāi na fēnkāi, ambayo yana kāi mwishoni lakini maana yake ni kuondoka na kutenganisha.

Hatua ya saba: watu, mioyo na fikra

Kila Mchina mtu mzima anaijua "opening up", kwa kuwa ndiyo tafsiri rasmi ya kāifàng katika sera ya mageuzi na ufunguaji milango iliyoanza mwaka 1978 chini ya Deng Xiaoping. Katika habari za uchumi neno hilo halina tatizo. Linapohamishiwa kwa mtu ndipo panapohitaji tahadhari. Kumsema mwanamke kwamba ni kāifàng huweza kueleweka kuwa ana mienendo huru mno katika mapenzi, ilhali "She is very open" kwa Kiingereza ni sifa ya mtu asiyeficha mawazo yake. Mwanafunzi anaweza kuiogopa sentensi hiyo bila sababu, au kumwona mzungumzaji ni mtovu wa adabu. Mfafanulie mapema, hasa akiwa anafanya kazi na watu wanaoandika barua za kupendekeza wafanyakazi.

Kāixīn nayo, ambayo kwa herufi zake ni moyo uliofunguka, maana yake ni kufurahi tu. "I am open heart today" itamfanya msikilizaji afikirie upasuaji wa kifua. Aandike "happy".

Katika misemo mingine, chagua ile atakayoitumia kazini. "I'm open to suggestions" inamfaa msimamizi anayetaka wenzake watoe maoni, "open-minded" humfaa anayeandika wasifu wake, na "it's still an open question" hufunga mjadala ambao haujapata uamuzi bila kumuudhi mtu. Misemo mingine yenye "open" imejaa katika vitabu, na walimu hupenda kuigawa kama karanga, lakini mtu ambaye bado anafungua taa kwa "open" haihitaji.

Hatua ya nane: fanyia mazoezi, kisha pima tena

Zoezi la amri za chumbani lirudiwe mwanzoni mwa kila somo kwa dakika chache, vitu vikibadilishwa, na safari hii ukisahihisha. Namna ya kusahihisha ina uzito wake. Mchina mtu mzima, hasa akiwa na cheo, hafurahii kukatizwa mbele ya walio chini yake. Akisema "open the fan", nenda kaiwashe huku ukisema kwa sauti ya kawaida "All right, I'll turn on the fan", ukikaza kidogo maneno mawili yaliyobadilika. Mara nyingi atairudia sentensi mwenyewe. Asipoirudia, iandike katika daftari lake mwisho wa somo, mkiwa wawili.

Nje ya somo, mpe kazi ya kupiga picha vibao vya saa za kazi anavyovipita mjini na kukuandikia sentensi mbili kwa kila kibao, moja yenye kitenzi na moja yenye kivumishi. Mpe pia kazi ya kuandika ujumbe mfupi wa kuwaita wenzake mkutanoni, kwa kuwa huo atautuma kweli.

Baada ya wiki tatu au nne, itoe ile karatasi ya mwanzo na urudie vitu vile vile na maswali yale yale. Taa na feni zitakuwa zimenyooka. Kama kuna kitakachokuwa kimebaki, kitakuwa ni "is opened" au ule mkahawa wa mjomba, na hapo urudi kwenye saa ya ukutani na sentensi za mwaka.

Kisha fungua ukurasa wa "close". Kichina kina guān kama kinyume cha kāi, na mwanafunzi atadhani kwamba kila kitu kinageuka upande wa pili kwa usawa. Taa na feni zinageuka kuwa "turn off", mlango na faili "close", na kompyuta ina yake, "shut down". Lakini kuendesha gari hakuna guān yake, na mkutano uliomalizika Kichina huusema kwa sàn huì, yaani kutawanyika. Kwa Kiingereza, wafanyakazi wanaotoka mkutanoni watasema "The meeting is over", na "closed the meeting" itabaki kwa mwenyekiti yule yule aliyeufungua.